Hiyo herufi ya kwenye kava haiwajui watoto wa Mwanza

Ndugu Mhariri, mwangaluka.

Naandika kumjibu yule msomaji wa Shinyanga ambaye barua yake mliitoa kwenye ukurasa huu huu, aliyesema wazazi wa siku hizi tunajisumbua bure na katuni. Hoja yake, kama nilimwelewa, ni kwamba muvi ya familia ishapimwa huko ilikotengenezwa, imepewa G au PG kwenye kava, zile herufi za kuonyesha inafaa watoto wa umri gani, basi mzazi kazi yako ni kumwekea mtoto na kuendelea na shughuli zako, na anayeogopa katuni ampe mtoto mpira akacheze nje. Nilicheka peke yangu. Kaka yangu huyo nahisi hajawahi kushinda Jumamosi nzima na watoto wa mtaa sebuleni. Mimi nashinda nao, maana ni fundi cherehani na cherehani yangu ipo hapo hapo sebuleni, hapa Nyakato, na TV yetu imezidi kidogo za majirani, kwa hiyo shule zikifungwa au ikifika wikiendi wanajaa kwenye mkeka mpaka mlangoni, wa kwangu, wa dada yangu, wa jirani, na wengine hata sijui wametokea wapi, na mimi huku nashona huku nasikia kila kitu.

Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya, katuni nazipenda, kuna za kuchekesha mpaka sindano inanichoma. Kinachonishinda ni hiyo imani kwamba kuna mtu mahali fulani kashamaliza kazi ya kumwangalizia mtoto wangu.

Tuanze na hizo herufi zenyewe, maana watu wanazitaja utadhani zimeshuka kutoka mbinguni. Za Marekani zilianza mwaka 1968, na hiyo PG-13 ilikuja baadaye, 1984, baada ya wazazi wa kule kulalamika kwamba baadhi ya muvi za PG zinatisha mno. Wanaopima ni wazazi wa kule kule, wanaitazama muvi, wanapiga kura, wanaangalia matusi yapo kiasi gani, damu kiasi gani, utupu, madawa ya kulevya, vitisho. Wala si sheria ya serikali, ni utaratibu waliojiwekea wenye viwanda vya muvi wenyewe. Waingereza nao wana bodi yao, BBFC, ipo tangu 1912, wao wanatumia U, PG, 12A na kuendelea. Siwabezi, wanafanya kazi. Ila angalia hii: kuna katuni moja ya sungura, Watership Down, ilitoka 1978 wakaipa U, yaani ruksa kwa kila mtu, kumbe ndani sungura wanararuana mpaka damu, watoto wa Kiingereza wameota ndoto mbaya kwa sababu yake, wazazi wamelalamika miaka nenda rudi, na ni mwaka 2022 ndipo bodi ikaipandisha kuwa PG. Miaka 44! Mtoto aliyeiona ikiwa mpya akiwa na miaka saba, herufi inarekebishwa yeye ana miaka 51 na pengine ana wajukuu. Sasa kama wenyewe kwao, kwa lugha yao, kwa watoto wao, inawachukua muda wote huo kukubali kwamba hapa tulikosea, mimi wa Nyakato niishike hiyo herufi niende nayo wapi?

Halafu hiyo kava anayoisema kaka yangu iko wapi? Lini mara ya mwisho umeona kava? Muvi za mtaani kwetu zinakuja kwa flashi. Mtoto anapewa mia tano au jero mbili na flashi mkononi, anaenda kibandani, kijana wa pale anafungua kompyuta, kuna folda imeandikwa KATUNI, anachagua anazoona zinaenda sana, anamjazia, kwisha. Kwenye hiyo folda kigezo ni kimoja tu, imechorwa. Kitu chochote kilichochorwa kinaingia humo. Kuna katuni ya Marekani ya 2016, wahusika wake ni vyakula vya supamaketi, soseji na mikate ina macho na mikono, ukiiona picha yake ya nje utasema hii ni ya chekechea kabisa, kumbe Wamarekani wenyewe waliipa R, maana ni matusi na mambo ya chumbani mwanzo mwisho, ilitengenezwa kwa ajili ya watu wazima. Niliikuta kwenye flashi ya mpwa wangu wa darasa la pili, katikati ya katuni za wanyama. Kijana wa kibanda nilipomfuata alinishikamoo vizuri tu, akaniambia, mama hiyo inachekesha sana, wateja wanaipenda. Hakuwa na nia mbaya. Hajaitazama, na asingeweza kuzitazama zote, ana maelfu mle ndani.

Tunayo Bodi ya Filamu, hilo najua, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, na kazi yao mojawapo ni hiyo hiyo ya kukagua na kupanga madaraja. Ila sheria ya 1976 ilikuwa inawaza majumba ya sinema, mtu anakata tiketi mlangoni. Mtoto mwenye flashi mfukoni nani amsimamishe mlangoni?

Na hapa ndipo kuna jambo ambalo sijaona mtu analisema, la tafsiri. Toka enzi za Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa muvi, sisi tumezoea muvi za kutafsiriwa, na mimi sijifichi, nimekulia kwenye mabanda ya video kule Kirumba, tulikuwa tunaenda kumsikiliza mtafsiri kuliko muvi yenyewe, ile ni sanaa na ina wenyewe. Lakini sasa hivi wanatafsiri na katuni za watoto, kwa staili ile ile ya muvi za mapigano. Mtafsiri ni mmoja, anasema sauti za wote, mama, baba, mtoto, panya, na akianza kuongea sauti ya muvi inashushwa chini kabisa, kwa hiyo mtoto wa Kiswahili anachokisikia ni huyo mtafsiri tu, ambaye mtaani tunamwita DJ. Na DJ ana mambo yake. Kuna sehemu kwenye katuni moja mtoto wa dubu anarudi kwa baba yake baada ya kumkosea, ameinamisha kichwa, muziki umepoa, hata kama hujui lugha unaona kabisa anaomba msamaha. DJ akasema, mzee nitoe elfu kumi demu ananisubiri. Watoto wangu wote mkekani wakaangua kicheko. Ile muvi ilijengwa saa nzima ili ifike hapo, kwamba mtoto anajifunza kusema nisamehe, halafu ikageuka kuwa demu. Sehemu nyingine mhusika mnene anapita, DJ anamwita jina ambalo siwezi kuliandika gazetini, na Jumatatu yake hilo jina lipo uwanjani shule, limeshapata mtoto wa kuitwa nalo.

Kwa hiyo nauliza, ile PG ilipewa muvi ipi? Ilipewa muvi ya Kiingereza. Hii ninayoitazama mimi hapa, yenye maneno ya huyu DJ, hakuna mtu duniani aliyewahi kuipima. Ni muvi nyingine. Picha ni zile zile lakini ni muvi nyingine, na mimi naona hata Bodi ikitaka kusaidia ianzie hapo, kwenye tafsiri, maana huko ndiko watoto wetu wanakosikiliza.

Haya, tuseme umebahatika, umepata muvi safi, haina DJ, ina maandishi ya Kiswahili chini au imewekewa sauti za Kiswahili vizuri, na ina U yake halali kabisa. Bado. Na hili ndilo hasa lililonifanya nikae niandike.

Kuna katuni moja, jina siitaji maana ziko nyingi za aina hiyo, ina bibi kizee anaishi peke yake porini. Mgongo umepinda, anapika kitu kwenye sufuria kubwa, moshi umejaa, na macho yake ni mekundu. Kwa mkaguzi wa London huyo bibi ni mchawi wa hadithi, hamna damu, hamna tusi, mtoto ataruka kidogo halafu atacheka, U. Sasa mlete huyo bibi Usukumani. Sisi huku tumezika vikongwe. Wamekatwa mapanga usiku nyumbani kwao kwa sababu ya macho mekundu, na mtu mzima yeyote wa kanda hii anajua nazungumzia nini, na kila mwenye akili anajua pia hayo macho yametoka wapi, ni maisha yote ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka ndani ya kijumba kisicho na dirisha. Siku hiyo katuni inaendelea, mtoto mmoja wa kama miaka tisa akasema, bila ubaya wowote, huyu si kama yule bibi wa kule kwenye mwembe! Wenzake wakaitikia eeeh, ndo yeye!

Nilisimamisha muvi. Yule bibi wa kwenye mwembe namfahamu, ananiletea magauni yake niyabane, ni mtu anaishi mwenyewe, hana mtu. Nikawaambia watoto habari ya moshi, nikawaambia njooni jikoni muone, nikachochea kuni mbichi kidogo wakakaa pale mpaka wote wanapikicha macho, wakaangaliana, mekundu. Tukarudi tukaendelea. Dakika chache mbele yule mdogo kabisa akauliza, shangazi, na yule wa kwenye TV si naye anapika, labda na yeye ni moshi tu? Sikuwa na jibu, maana kwenye muvi ni mchawi kweli, mwishoni wanamsukuma shimoni na wote wanashangilia.

Naomba kaka wa Shinyanga anijibu hapo, yeye ni wa kanda hii hii. Hiyo picha ya kushangilia bibi mwenye macho mekundu anasukumwa shimoni, kwa mtoto wa hapa, inafaa kwa umri gani? Mimi nasema gete gete ni mbaya kuliko damu ya wale sungura.

Na siyo vikongwe tu. Angalia wabaya wa katuni wanavyochorwa. Mara nyingi mbaya mkubwa ana ngozi iliyopauka, nywele nyeupe, macho ya rangi ya ajabu. Mwanza na mikoa jirani mwaka 2007, 2008 na kuendelea tuliona yaliyowapata ndugu zetu wenye ualbino, watoto wakaacha kwenda shule peke yao. Leo kuna mtoto mwenye ualbino amekaa kwenye mkeka huo huo na wenzake, anakula karanga, anaona jitu lenye rangi yake linatoka gizani na wenzake wanapiga kelele. Au mbaya anachechemea. Au ana kovu usoni, au jicho moja. Hivi umeshawahi kujiuliza kwa nini mbaya wa katuni karibu kila siku ana kilema? Mkaguzi hana sehemu ya kuandika hilo kwenye fomu yake. Na hata ile ya Mufasa na Simba ya 1994, ambayo Marekani ilipewa G, fisi wamekuwa genge la wahuni, kwao ni kichekesho, lakini huku kwetu fisi ana kesi yake, mtu anasemwa anafuga fisi na anampanda usiku, na huyo mtu anaweza kuchomewa nyumba. Hiyo muvi naipenda na nawawekea, ila nikiwawekea naongea juu ya fisi.

Kuna la maji. Sijui kwa nini watunga katuni wanapenda sana kuzamisha wazazi, dakika kumi za mwanzo baba na mama wanapanda meli, dhoruba, meli inapinduka, mtoto anabaki yatima ndipo hadithi ianze. Kwa mtoto wa Dodoma hiyo ni mbwembwe ya kuanzia. Hapa kuna makaburi ya MV Bukoba pale Igoma, ile ya tarehe 21 Mei 1996, na watoto wanapita pembeni yake kila siku, bibi zao na babu zao wamo mle. MV Nyerere ilizama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 200, huo si zamani, kuna watoto wako sekondari sasa hivi waliondokewa na mama siku ile. Na bila hata ajali kubwa, kuna watoto ambao baba yao saa hiyo wanapotazama katuni yupo ziwani anavua dagaa, na upepo wa ziwa wanaujua kwa majina. Kuna kamoja kalinyamaza kabisa kwenye muvi ya namna hiyo, kakaondoka bila kuaga, na mama yake kesho yake akaniambia hakakulala mpaka mitumbwi iliporudi. Muvi ilikuwa ya familia. Ya familia zipi, hilo ndilo swali.

Mambo ya kuigiza nayapitia haraka maana kila mtu anayajua, ila kwa Mwanza yana uzito wake kwa sababu ya mawe. Katuni anadondoka kutoka kwenye mwamba anakuwa bapa kama chapati halafu anajipuliza kidole anarudi mzima. Watoto wa Mabatini, Bugarika, Igogo wanaishi juu ya mawe, mlango ukifunguliwa ni mwamba, chini ni bati la jirani. Sihitaji kusema zaidi.

Sasa asije mtu akasema huyu mama anataka watoto watazame maua tu. Hapana, na hapa natofautiana na wazazi wenzangu wa upande wa pili, wale wanaozima TV mhusika akifa. Kifo chenyewe sikiogopi. Mwaka 2014 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilitoa utafiti wa watu waliozilinganisha katuni 45 za watoto zilizoingiza hela nyingi na muvi za watu wazima, wakakuta mhusika muhimu kwenye katuni ana uwezekano wa kufa mara mbili na nusu zaidi ya wa kwenye muvi za wakubwa, na wazazi ndio wanaokufa hasa. Watu walishtuka. Mimi sikushtuka, kwa sababu sisi tumelelewa na Shing'weng'we. Msukuma gani hajaambiwa habari ya lile zimwi lililomeza watu wote na ng'ombe zao, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha, akamzaa Masala Kulangwa, na kijana akaja kulipasua tumbo watu wakatoka? Hiyo ukiichora ilivyo, Wamarekani hawakupi G hata ulie. Na tulisimuliwa tukiwa wadogo, usiku, hakuna umeme.

Ila tulisimuliwa na nani, na vipi? Bibi alikuwa anakuangalia usoni. Ukianza kujikunyata anaharakisha, analiua zimwi mapema, ukiwa umechangamka anakuongezea kishindo. Wa miaka mitatu aliyekuwepo alikuwa amelala kifuani kwake. Na ukiuliza, bibi, kwa nini mama yule hakumezwa, alisimama akakujibu. Muvi haikuangalii usoni. Ina mwendo mmoja kwa mtoto wa miaka mitatu na wa miaka kumi na mbili, na sauti ya sabufa juu. Kwa hiyo mwenye kazi ya bibi lazima awepo pale sebuleni, hata kama anashona, na rimoti iwe karibu yake.

Hapo ndipo naona watu wanaichanganya PG yenyewe. Zile herufi mbili maana yake ni kwamba mzazi awe karibu amwongoze mtoto, yaani wale wapimaji wenyewe wanakuambia wewe mzazi bado kazi unayo, hatujamaliza. Kaka yangu kaisoma kama ruhusa ya kuondoka.

Ninavyofanya mimi siyo ufundi mkubwa. Muvi mpya naiweka usiku nikiwa namalizia sare za wateja, naitazama kwa jicho moja, na kama muda hauniruhusu natazama dakika kumi za mwanzo, kwa sababu wazazi wanafia hapo, halafu nusu saa ya mwisho, kwa sababu mbaya anaadhibiwa hapo. Katikati mara nyingi ni kukimbizana na nyimbo. Naangalia nani anachekwa. Kucheka na mtu ni sawa, ila kama muvi nzima kuna mmoja anachekwa kwa sababu ni mnene au mshamba au anaongea kwa kigugumizi, hiyo kwangu haipiti hata iwe na nyota ngapi, maana kucheka ndicho kitu cha kwanza watoto wanabeba kwenda nacho shule. Naangalia na taa zinazowaka kuzima haraka haraka, kwa sababu tunaye mtoto wa kifafa mtaani, na hilo si la kubuni, Japani tarehe 16 Desemba 1997 kipindi kimoja cha Pokémon kilimulika nyekundu na bluu kwa kasi, watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali. Na wale wadogo wa chini ya miaka mitano siwaachi mpaka mwisho, Shirika la Afya Duniani lilisema 2019 mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na wa mwaka mmoja asitazame kabisa, wakati muvi hizi zinaenda saa moja na nusu na zaidi. Kwa hiyo mimi nakata, nusu leo nusu kesho, wakubwa wananuna, wanune tu.

Lakini kinachonisaidia kuliko vyote ni swali moja ninalowauliza ikiisha, kabla hawajatawanyika. Yule mbaya, ulimjuaje kuwa ni mbaya? Jaribuni nyumbani. Mtoto akikujibu aliiba, alimdanganya mwenzake, alimfungia yule bwana chumbani, basi muvi imefanya kazi yake, hata kama ilitisha, hata kama kuna mtu alikufa. Akikujibu kwa sababu ni mbaya sura, kwa sababu macho yake mekundu, kwa sababu anachechemea, hapo kuna kazi, na hiyo kazi hakuna PG itakufanyia. Nimeona muvi za U ambazo watoto wote wamenijibu sura, na nimeona moja inayotisha kweli kweli, ambayo mama mmoja alikuja kunifokea kwa nini nimewawekea, na watoto wake wawili walinijibu kwa matendo, tena wakabishana, mkubwa anasema yule hakuwa mbaya alikuwa na hasira tu ya kufiwa, mdogo anasema hasira siyo ruhusa. Mama yao alikuwa amesimama mlangoni anasikia.

Na tukipata moja ambayo haifai kwa wadogo lakini wakubwa inawafaa, haina haja ya vita. Wadogo wanaenda nje na huo mpira wa kaka wa Shinyanga, hapo nakubaliana naye.

Mwisho nina maombi. La kwanza ni kwa vijana wa vibanda vya muvi, ambao wengi ni wasikivu ukiwafuata kistaarabu: hiyo folda ya KATUNI igaweni, za watoto peke yake na zilizochorwa za wakubwa peke yake, na zilizotafsiriwa na DJ ziandikeni kuwa zimetafsiriwa. Yule wa kwangu ameshafanya na wateja hawajapungua. La pili kwa watafsiri, mna vipaji, mtaani watoto wanawasikiliza kuliko walimu, mkifanya katuni mwachieni mtoto wa dubu aombe msamaha wake. La tatu kwa Bodi nimeshalisema.

La nne ni kwenu, Mhariri. Kila likizo ya Juni na Desemba zinaingia katuni mpya na wazazi tunaulizana kwenye magrupu ya WhatsApp, hii vipi, ile vipi, na majibu ni emoji. Kuna mitandao ya nje inayoeleza muvi kwa urefu, kama Common Sense Media, lakini ni ya Kiingereza na inawaza watoto wa kule. Tupeni kijisanduku cha Kiswahili, muvi moja kwa wiki, kiseme inaenda dakika ngapi, nani anafia wapi, mbaya kachorwaje, kuna maji au hakuna, toleo la DJ linasemaje. Ukurasa wenu wa burudani wa Jumamosi umejaa msanii gani kaachana na nani, mkikata hapo robo tu inatosha, na kama hamna wa kuzitazama, mimi nashona usiku kila siku.

Wenu,
Fundi cherehani, Nyakato, Mwanza